Majina ya Milima na Uzito wa Reli: Kusoma Kuvunjika kwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki Kupitia Picha, 1967–1984

Ikisiri

Insha hii inachunguza mchango wa picha mnato katika uandishi wa historia ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, tangu kutiwa saini Mkataba wa Kampala mwaka 1967 hadi makubaliano ya kugawana mali za Jumuiya mwaka 1984. Historia iliyozoeleka huuchukulia mwaka 1977 kuwa siku ya mauti ya reli ya kikanda. Insha inatoa hoja kwamba picha, zikisomwa kwa makini, zinaonyesha mambo mawili ambayo nyaraka za kisiasa huyaficha. Kwanza, mgawanyiko ulikuwa umekwisha kuandikwa kwenye reli yenyewe kabla ya 1977. Pili, umoja uliendelea kuandikwa kwenye injini na mabehewa baada ya mwaka huo. Aidha, insha inabainisha kasoro kubwa ya picha hizo, ambayo ni kutotajwa kwa wafanyakazi waliomo ndani yake, na inaeleza kwa nini kasoro hiyo inapaswa kushughulikiwa sasa.

1.0 Utangulizi

Katika uandishi wa historia ya Afrika Mashariki, picha ya reli imepewa kazi ndogo. Mara nyingi huwekwa kwenye jalada la kitabu, au katikati ya sura ili kumpumzisha msomaji, huku hoja yote ikijengwa kwa mikataba, ripoti za mwaka na hotuba za viongozi. Picha huja baada ya hoja, kama pambo. Insha hii inapendekeza mwelekeo tofauti, yaani kuanza na kile kinachoonekana katika picha na kuuliza kinasema nini ambacho nyaraka hazisemi.

Sababu ya kufanya hivyo si ya kinadharia peke yake. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa chombo kilichoonekana kwa macho. Mwananchi wa Tabora, Voi au Tororo hakuusoma Mkataba wa Kampala, bali aliiona injini, akaona maandishi ubavuni mwake, akapanda behewa la daraja la tatu na kufika alikokuwa akienda. Ikiwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na sura mbele ya watu wake, basi sehemu kubwa ya sura hiyo ilikuwa reli. Hivyo basi, chanzo kinachohifadhi sura hiyo kinastahili kuhojiwa kama chanzo kingine chochote, kwa maana ya kuuliza nani alikitengeneza, kwa ajili ya nani, na ni kipi kiliachwa nje.

Swali linaloiongoza insha ni hili: je, picha zinathibitisha kwamba reli ya kikanda ilivunjika mwaka 1977? Jibu linalojengwa katika sehemu zinazofuata ni kwamba zinathibitisha kuvunjika kwa shirika, lakini zinakataa kulifanya tukio la mwaka mmoja. Uchambuzi umejikita katika picha zilizochapishwa vitabuni, hususan katika kazi ya Kevin Patience iliyotolewa Nairobi mwaka 1976 kuhusu injini za mvuke za Afrika Mashariki, picha zilizopigwa na wageni waliozizuru reli hizo katika miaka ya 1960 na 1970, pamoja na injini zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, ambazo huwezesha kulinganisha picha na kitu chenyewe.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Reli za Afrika Mashariki hazikujengwa ziwe mtandao mmoja. Waingereza walianza kujenga kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wajerumani nao walianza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Reli yao ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kilichorahisisha muungano wa baadaye ni kwamba njia zote hizi zilijengwa kwa upana mmoja wa mita moja. Vita Kuu ya Kwanza viliziunganisha kwa mara ya kwanza, pale jeshi la Uingereza lilipojenga njia kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe ili kulifuata jeshi la Wajerumani.

Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na reli za Tanganyika kuwa chombo kimoja cha reli na bandari. Hata hivyo, Reli ya Kati haikuwa bado imeunganishwa kwa nchi kavu na njia ya Tanga. Kiungo kati ya Ruvu na Mnyusi kilifunguliwa mwaka 1963, baada ya uhuru wa Tanganyika. Ni jambo la kuzingatia kwamba behewa liliweza kutoka Kigoma hadi Kampala bila kuvuka maji kwa muda usiozidi miaka kumi na minne tu, yaani kutoka 1963 hadi 1977. Reli ya kikanda katika maana yake kamili ilikuwa na umri mfupi kuliko kumbukumbu yake.

Mkataba wa Kampala ulitiwa saini tarehe 6 Juni 1967, na Jumuiya ikaanza rasmi tarehe 1 Desemba mwaka huo, makao yake makuu yakiwa Arusha. Mkataba ulikusudia kupunguza malalamiko ya Tanzania na Uganda kwamba faida za umoja zilikuwa zikielekea Kenya. Mashirika yaligawanywa: reli zikabaki na makao makuu Nairobi, ilhali bandari, zilizotenganishwa na reli mwaka 1969, zikapewa makao makuu Dar es Salaam. Mapinduzi ya Idi Amin ya Januari 1971 yaliuvuruga uongozi wa juu wa Jumuiya. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashirika yalikuwa katika mgogoro wa fedha, kila nchi ikilaumiwa kwa kuzuia mapato yaliyopaswa kupelekwa makao makuu. Mwezi Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huohuo Jumuiya ikavunjika. Mahali pa shirika moja palichukuliwa na mashirika matatu ya reli ya Kenya, Tanzania na Uganda.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mgawanyo wa mali na madeni, uliosuluhishwa na Mswisi Victor Umbricht, ulihitimishwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Hivi ndivyo nyaraka zinavyoisimulia habari hii, kwa tarehe na saini. Sehemu inayofuata inaeleza namna picha zinavyoweza kuihoji.

3.0 Mkabala wa Uchambuzi

Picha ya reli ina sifa moja inayoitofautisha na picha nyingine nyingi, nayo ni kwamba kinachopigwa kina maandishi mwilini. Injini ina nambari, mara nyingine ina kibao cha jina, na ina herufi za mmiliki. Behewa lina nambari yake na herufi zake. Stesheni ina ubao wenye jina la mahali. Kwa hiyo, hata picha isiyo na maelezo nyuma yake hubeba ushahidi wa utambulisho wake.

Mfumo wa nambari wa shirika ulikuwa rahisi kuusoma. Tarakimu mbili za mwanzo zilitaja kundi la injini, na mbili za mwisho zilitaja nafasi ya injini katika kundi hilo. Injini nambari 5918, kwa mfano, ni ya kumi na nane katika Kundi la 59. Mfumo huu ulikuwa mmoja kwa nchi zote tatu. Hapakuwa na nambari za Kenya wala nambari za Uganda, bali daftari moja la kikanda.

Uchambuzi umefanywa kwa kusoma picha katika ngazi nne. Ya kwanza ni jina na nambari. Ya pili ni mahali, pamoja na aina ya reli na mwinuko unaoonekana. Ya tatu ni herufi za mmiliki ubavuni, ambazo husaidia kukadiria wakati. Ya nne ni watu, hasa wale ambao mpiga picha hakukusudia kuwapiga.

Kabla ya kuingia katika uchambuzi ni muhimu kutaja upendeleo wa chanzo. Wengi wa waliopiga picha hizi walikuwa wageni kutoka Ulaya, hasa Uingereza, ambako shirika la reli la taifa liliacha kutumia injini za mvuke katika huduma za kawaida Agosti 1968. Mashabiki wa mvuke waliokosa cha kupiga kwao walianza kusafiri, na Kenya, iliyokuwa na hoteli, ndege za watalii na injini kubwa za mvuke, ikawa kivutio chao. Matokeo yake ni kwamba njia ya Mombasa hadi Nairobi imepigwa picha kwa wingi usio na mfano, kwa kuwa pia barabara kuu inafuatana nayo kwa sehemu kubwa ya safari. Mpiga picha mwenye gari aliweza kuipiga treni, kuipita, na kuisubiri tena mbele. Reli ya Kati ya Tanzania, ambayo kwa masafa marefu ilipita mbali na barabara ya lami, haikutoa nafasi hiyo. Isitoshe, madaraja, bandari na stesheni vilihesabiwa kuwa maeneo ya usalama, na mwenye kamera aliweza kuhojiwa.

Saa za treni nazo ziliamua kitakachobaki. Treni ya abiria iliondoka Nairobi jioni na kufika Mombasa asubuhi, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari yake ilikuwa gizani. Picha za mchana ni za treni za mizigo. Msomaji asiyelijua hili anaweza kudhani kwamba reli ilibeba mizigo tu, kumbe maelfu ya abiria walikuwa wakipita usiku, wakati mpiga picha amelala.

4.0 Uchambuzi

4.1 Vibao vya majina: kanda iliyokusudiwa

Injini zilizopigwa picha kuliko zote ni za Kundi la 59. Zilikuwa 34, zikaundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester na kuletwa kati ya 1955 na 1956. Zilikuwa za aina ya Garratt, yenye seti mbili za magurudumu ya kuvuta, mbele na nyuma, na boila lililobebwa katikati, jambo lililoziwezesha kuwa na nguvu kubwa na bado kupinda kwenye kona kali. Kila moja ilikuwa na uzito wa takribani tani 252, na zilihesabiwa kuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani katika reli ya upana wa mita moja.

Kila injini katika kundi hilo ilipewa jina la mlima, na milima hiyo ilichaguliwa kutoka nchi zote tatu: Kenya, Elgon, Ruwenzori, Meru, Kilimanjaro na mingineyo. Mbili kati yake zimehifadhiwa Nairobi hadi leo. Moja ni 5918, Mount Gelai, na nyingine ni 5930, Mount Shengena. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena ni kilele cha Upare Kusini. Yote miwili iko Tanzania.

Majina haya hayakutolewa kwa bahati nasibu. Kuyapanga majina ya milima ya nchi tatu katika kundi moja la injini kulikuwa tamko la kisiasa, hata kama halikutolewa jukwaani. Lilisema kwamba Upare na Ruwenzori ni mali ya mfumo mmoja. Makundi mengine yalibeba majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Injini 3020, iliyohifadhiwa Nairobi, iliitwa Nyaturu, na injini 2921 iliitwa Masai of Kenya.

Kundi la 60 linatoa ushahidi wa aina nyingine. Injini zake 29 zilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Nambari 6006, kwa mfano, ilibeba jina la Sir Harold MacMichael, aliyekuwa Gavana wa Tanganyika. Baada ya uhuru vibao vya magavana viling'olewa. Kwa mtafiti hili lina manufaa mawili. Kwanza, picha ya injini ya Kundi la 60 iliyo na kibao inaweza kuwekwa katika kipindi cha mapema, na isiyo na kibao katika kipindi cha baada ya uhuru. Pili, kung'olewa kwa vibao hivyo, huku vya milima vikiachwa, kunaonyesha kwamba watawala wapya hawakuikataa kanda. Walikataa wenye kuitawala. Milima iliweza kuendelea kuwa ya wote.

4.2 Uzito wa reli: kanda iliyokuwepo

Hata hivyo, picha zilezile zikisomwa katika ngazi ya pili, yaani mahali, zinatoa habari tofauti. Mount Shengena haikuwahi kupangiwa kazi Upare. Injini za Kundi la 59 zilikuwa na uzito wa takribani tani 21 kwa kila ekseli, na uzito huo ulihitaji reli nene na tuta imara. Njia iliyoandaliwa kuubeba ilikuwa hasa ile ya Mombasa hadi Nairobi. Kwa sababu hiyo, katika picha baada ya picha, milima ya Tanzania na Uganda inaonekana ikipanda kutoka pwani ya Kenya kuelekea Voi, Mtito Andei na Nairobi, ikivuta mizigo ya bandari ya Mombasa.

Kwingineko zilitumika injini nyepesi. Makundi ya 31 na 60 yaliundwa yawe na uzito mdogo kwa kila ekseli ili yaweze kupita kwenye reli nyembamba, na ndiyo yanayoonekana katika picha za Uganda na za Reli ya Kati ya Tanzania, mathalani Tabora, ambako njia ya Mwanza hutengana na ya Kigoma. Mtazamaji akiziweka picha za Tabora kando ya picha za Mtito Andei, hahitaji takwimu za bajeti ili kuona uwekezaji mkubwa ulielekezwa wapi.

Hapa ndipo picha inapotoa hoja ambayo mkataba hauitoi. Malalamiko ya Tanzania katika miaka ya 1960 na 1970 kwamba umoja uliinufaisha Kenya zaidi mara nyingi huelezwa kama suala la viwanda, biashara na itikadi, yaani Ujamaa dhidi ya ubepari. Picha zinaonyesha kwamba tofauti hiyo ilikuwa pia ya chuma. Reli nene, karakana kuu ya Nairobi na injini kubwa vilikuwa upande mmoja. Haikuwa lazima awepo kiongozi mwenye nia mbaya ili jambo hilo litokee. Mzigo mkubwa ulipita Mombasa, kwa hiyo reli ya Mombasa iliimarishwa, na kwa kuwa imeimarishwa, ilivuta mzigo zaidi. Lakini siku ya kugawana ilipofika, kisichohamishika kilibaki pale kilipokuwa, na vilivyohamishika vilizuiwa na kila upande kadiri ulivyoweza.

Kwa mantiki hiyo, kuwepo kwa Gelai na Shengena katika jumba la makumbusho la Nairobi ni zaidi ya suala la uhifadhi. Ni muhtasari wa historia yote: jina la kanda nzima juu ya chuma kilichokaa nchi moja.

4.3 Herufi ubavuni: umoja baada ya 1977

Ngazi ya tatu inatupeleka upande wa pili wa hoja. Ikiwa mgawanyiko ulitangulia mwaka 1977, je, umoja ulikoma mwaka huo? Herufi za mmiliki ubavuni mwa injini na mabehewa zinajibu kwamba haukukoma.

Shirika linaweza kufutwa kwa sheria siku moja, lakini maelfu ya mabehewa hayawezi kupakwa rangi siku moja, na shirika jipya lisilo na fedha halina sababu ya kuharakisha kazi hiyo. Mabehewa yenye herufi EAR yaliendelea kuonekana katika reli za nchi zote tatu miaka mingi baada ya shirika lenye herufi hizo kufutwa. Mwanahistoria anayetumia herufi kukadiria tarehe ya picha anapaswa kuwa mwangalifu. Herufi KR, TRC au URC zinathibitisha kwamba picha ni ya baada ya mgawanyo, lakini herufi EAR hazithibitishi kwamba ni ya kabla yake.

Uthibitisho mkubwa zaidi umo katika nambari. Mashirika matatu mapya hayakuanzisha hesabu mpya, bali kila moja liliendelea na nambari zilizokuwepo. Kenya ilirithi injini za dizeli za Kundi la 92 zilizotoka Canada mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 iliponunua injini mpya kutoka Marekani iliziita Kundi la 93, na zile za mwaka 1987 ikaziita Kundi la 94. Yaani Kenya, ikiwa huru kuanza upya, iliendelea kuandika katika daftari la Afrika Mashariki. Tanzania nayo iliendelea kuziita injini zake kwa makundi ya mfumo uleule. Hakuna tamko la kisiasa lililoagiza hivyo. Ni mafundi, makarani wa stoo na waongozaji treni waliohitaji nambari wanazozielewa ili kazi iende.

Meli za Ziwa Victoria, ambazo zilikuwa sehemu ya shirika, zinaonyesha jambo hilihili kwa namna iliyo wazi zaidi. Katikati ya miaka ya 1960 ziliundwa feri mbili za kubebea mabehewa, zikaitwa Umoja na Uhuru. Katika mgawanyo, Umoja ilikwenda Tanzania na Uhuru ilikwenda Kenya. Picha za feri hizo baada ya 1977 zinaonyesha majina yaleyale, yakiwa chini ya wamiliki tofauti. Njia ya nchi kavu kati ya Voi na Kahe ilikuwa imefungwa pamoja na mpaka, lakini behewa la mita moja liliendelea kutoshea kwenye reli za sitaha, Mwanza, Kisumu na Port Bell vilevile. Kilichokatika ni idhini ya kupita, ilhali vipimo vilibaki.

4.4 Watu wa pembeni

Ngazi ya nne ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, na ndiyo yenye uzito kwa walio hai. Picha nyingi za mashabiki zilipigwa kwa lengo la kuionyesha injini. Maelezo yake hutaja nambari, jina la injini, treni, mahali na mara nyingi tarehe. Mara chache sana humtaja dereva. Mtu anayeegemea dirisha la kibanda cha injini akimtazama mpiga picha ana sura kamili, ana kofia na leso shingoni, lakini hana jina. Mlima una jina; dereva hana.

Hata hivyo, watu hao hutoa ushahidi. Picha za miaka ya 1950 zinaonyesha mgawanyo wa kazi kwa rangi, ambapo madereva wengi wa injini kubwa walikuwa Wazungu na Waasia, Masingasinga wakiwemo, huku Waafrika wakiwa wasaidizi wa kusimamia moto. Katika picha za miaka ya 1970 Waafrika ndio wanaoshika usukani. Mabadiliko hayo hutajwa katika ripoti kwa neno moja la Uafrikanishaji, lakini katika picha yanaonekana katika kiti kimoja baada ya kingine. Vilevile, behewa la kulala wafanyakazi lililofungwa nyuma ya injini linakumbusha kwamba safari ya kilomita zipatazo 530 kati ya Mombasa na Nairobi ilihitaji vikosi viwili vya kupokezana. Mng'ao wa shaba na rangi nyekundu iliyoiva ya injini zilizotunzwa vizuri ni kazi ya mikono ya watu hao, na si sifa ya kiwanda cha Manchester.

Kutotajwa huku kuna gharama. Shirika lilipovunjika, wafanyakazi waliokuwa wakitumikia kanda moja walijikuta raia wa nchi moja wakidai mafao ya utumishi uliofanyika katika nchi nyingine. Nchini Tanzania madai ya waliokuwa watumishi wa Jumuiya yalifika mahakamani na kuendelea hadi karne ya ishirini na moja. Kiini cha madai kama hayo ni uthibitisho: fulani alifanya kazi wapi, kwa miaka mingapi, kwa cheo gani. Hapo inaonekana jinsi uhifadhi ulivyokuwa wa upande mmoja. Historia ya injini 5930, tangu kiwandani hadi kwenye makumbusho, inaweza kuandikwa kwa ukamilifu. Historia ya aliyeiendesha haipatikani katika picha ileile inayomwonyesha.

Pengo hili bado linaweza kupunguzwa, lakini si kwa muda mrefu. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 25 wakati shirika lilipovunjika alizaliwa mwaka 1952. Kizazi hicho kinaondoka. Kuzipeleka picha hizi mbele ya wastaafu wa Tabora, Voi, Nairobi na Tororo, na kuandika maelezo mapya kwa kinywa chao, ni kazi ya kihistoria yenye haraka kuliko kutafuta picha nyingine za injini. Mstaafu anaweza kumtambua mwenzake kwa namna anavyoegemea dirisha. Anaweza kusema treni ile ilibeba nini, kwa nini ilisimama pale, na nani alikuwa gadi nyuma. Picha ambayo leo ina jina la mlima tu itakuwa imepata na jina la mtu.

5.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba picha za Shirika la Reli la Afrika Mashariki si vielelezo vya historia iliyokwisha kuandikwa kwa nyaraka, bali ni chanzo chenye hoja yake. Vibao vya majina vinaonyesha kanda iliyokusudiwa, ambamo milima ya nchi tatu ilikuwa ya familia moja. Mahali injini hizo zilipofanyia kazi panaonyesha kanda iliyokuwepo, ambamo uzito wa reli ulikuwa upande mmoja, na hivyo mgawanyiko ukawa umejengwa kabla ya kutangazwa. Herufi na nambari zinaonyesha kanda iliyobaki, ambamo mafundi waliendelea kutumia lugha ya pamoja baada ya wanasiasa kuacha kuongea. Mwaka 1977 kwa hiyo unabaki kuwa tarehe ya kweli ya kisheria, lakini hautoshi kuwa mpaka wa kihistoria.

Matokeo haya yana maana kwa watafiti wa Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Kupima umoja kwa mikataba pekee kunaweza kupotosha kwa pande zote mbili, kwa kuwa mkataba unaweza kutangaza usawa ambao miundombinu inaukanusha, na unaweza kufutwa huku umoja wa kazi ukiendelea kwenye karakana. Anayetaka kujua hali ya kanda na aangalie pia njia nene imejengwa wapi, inabeba mzigo wa nani, na vipimo vyake vinalingana na vya jirani au la.

Mwisho, insha inapendekeza kwamba taasisi zinazohifadhi picha za reli ziongeze katika orodha zao safu ya majina ya watu, hata kama kwa sasa itakuwa tupu. Safu tupu humkumbusha mtafiti kile anachopaswa kukitafuta. Orodha ya sasa, inayoishia kwenye nambari ya injini, humfanya aamini kwamba hakuna kilichokosekana.